Jamaa ya Galio, Liwali wa Akaya

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 18, yumo mtu ambaye tumesoma jina lake mara nyingi wala hatukuuliza habari zake. Ni Galio, liwali wa Akaya. Wayahudi wa Korintho walimkamata Paulo wakamleta mbele ya kiti cha hukumu. Naye Paulo alipotaka kufungua kinywa chake ajitetee, Galio aliwahi kusema na washitaki, akawaambia kwamba mashindano ya maneno na majina na sheria yao wenyewe hayamhusu, akawafukuza. Kisha watu wakampiga Sosthene, mkuu wa sinagogi, papo hapo mbele ya kiti, na liwali asijali hata kidogo. Ni mistari sita tu, na mtu huyu ametoka, wala Luka hamtaji tena.

Wahubiri wamemtumia Galio miaka mingi kuwa mfano wa mtu asiyejali mambo ya Mungu, nasi hatutaki kubishana nao. Lakini mtu huyu alikuwa na baba na mama, na ndugu wawili, na mwana wa ndugu aliyeimba mashairi. Na habari za nyumba yao zimehifadhiwa kuliko za nyumba nyingi zilizokuwa kubwa kuliko yao. Tukizisoma pamoja twaona nyumba iliyotoka katika mji wa mbali ikapanda hata mlangoni pa Kaisari, wala haikuwa na ngazi nyingine ila ulimi uliofunzwa. Kisha katika muda wa mwaka mmoja na kitu ikaangushwa yote. Sisi tufundishao watoto kusoma na kusema vema twapaswa kuitazama habari hii kwa makini kuliko watu wengine.

Jina la ukoo wao lilikuwa Annaeus. Kwa Warumi jina la ukoo lilipita kutoka kwa baba hata kwa mwana, tena hata kwa mtumwa aliyeachwa huru, maana huyo naye alichukua jina la bwana wake. Msomaji na alishike jambo hili, kwa kuwa tutalirudia. Ukoo wa Annaeus haukuwa miongoni mwa zile koo zilizojivunia babu zao waliopigana na Hannibal. Hakuna babu wa Galio aliyekuwa konsuli, yaani mmoja wa wale wakuu wawili waliowekwa Rumi mwaka kwa mwaka. Tena kwao hakukuwa Rumi, bali Corduba, mji wa kusini mwa Hispania, kando ya mto Baetis ambao siku hizi huitwa Guadalquivir. Ni nchi ya mizeituni. Mafuta ya bonde lile yalipelekwa Rumi kwa merikebu, na mitungi ilipokwisha kumiminwa ilivunjwa ikatupwa mahali pamoja, hata vigae vikawa kilima. Na kilima hicho kipo mjini Rumi mpaka leo. Paulo naye aliwaandikia Warumi kwamba anataka kufika Hispania. Basi alitamani kwenda katika nchi ya kwao yule liwali aliyemwachilia.

Baba yao aliitwa Seneca. Kwa kuwa mwanawe wa pili alikuwa na jina hilo hilo, na huyo ndiye aliyepata sifa duniani, baba tutamwita Seneca Mzee. Alikuwa mtu wa mali, wa daraja la wapanda farasi, nalo lilikuwa daraja la pili, chini ya wale wa Baraza la Wazee wa Rumi. Alizaliwa miaka 50 na kitu kabla ya Kristo. Yeye mwenyewe asema kwamba angaliweza kumsikia Cicero, msemaji mkuu wa Warumi, kama vita vya wenyewe kwa wenyewe visingalimzuia Corduba wakati wa utoto wake. Alikuwa na ukumbusho wa ajabu: katika ujana wake aliweza kutajiwa majina 2,000 akayarudisha kwa taratibu yake, na wanafunzi wenzake zaidi ya 200 walipotoa kila mtu mstari wake wa shairi, aliirudia yote kuanzia wa mwisho mpaka wa kwanza. Alipokuwa mzee sana, wanawe walimwomba awaandikie maneno ya wasemaji aliowasikia zamani, naye akawaandikia vitabu vizima kutoka katika ukumbusho wake.

Vitabu hivyo baadhi yake tunavyo, navyo vyatuonyesha namna ya elimu waliyopewa vijana wa Rumi. Mwalimu aliwawekea jambo la kubuni. Kwa mfano: kijana ametekwa na maharamia, baba yake hataki kumkomboa, binti wa mkuu wa maharamia amemfungua kwa kumwapisha kwamba atamwoa, amefika kwao, amemwoa, na sasa baba amwamuru amwache mke huyo na kumwoa binti yatima mwenye mali. Je, mwana atii? Mwanafunzi alisema upande mmoja kwa maneno matamu hata wasikiaji wakapiga makofi, na pengine akageuka akasema upande wa pili kwa utamu ule ule. Hatusemi kwamba mazoezi haya hayakuwa na faida. Yalinoa akili. Lakini mtoto aliyezoezwa miaka kumi kutetea upande wo wote anaopewa, ni nani atakayemfundisha siku ya kukataa?

Mke wa Seneca Mzee aliitwa Helvia. Mama yake alikufa katika kumzaa, akalelewa na mama wa kambo. Alikuwa mwenye akili nyepesi, akapenda kujifunza hekima ya wanafalsafa. Lakini mumewe alishika desturi za wazee, akachukia kuona wanawake wengine wakivaa elimu kama pambo, akamruhusu aonje tu, asizame. Mwanawe baadaye alisikitika kwa jambo hilo, akashuhudia kwamba katika muda ule mfupi mama yake alishika mengi kuliko mtu angalivyotazamia. Hivyo katika nyumba ambayo kila mwanamume aliishi kwa kitabu, mama wa nyumba ndiye aliyefungiwa kitabu.

Helvia alikuwa na dada ambaye jina lake halikuandikwa. Huyu ndiye aliyembeba Seneca mdogo mikononi kumleta Rumi, akamwuguza alipougua muda mrefu. Mumewe alikuwa liwali wa Misri kwa miaka 16. Misri ilikuwa nchi ya fitina nyingi na masengenyo mengi, lakini mwanamke huyu hakumpokea mtu wa nchi nyumbani mwake kwa ajili ya shauri, hakumwomba mumewe neno kwa ajili ya mtu, wala hakukubali kuombwa. Walipokuwa wakirudi Rumi, mumewe akafa baharini, na dhoruba ikawapiga. Naye, merikebu ikiwa karibu kuvunjika, alishikilia maiti ya mumewe mpaka akaifikisha nchi kavu apate kuizika. Kwa maoni yetu, mtu wa kwanza kutajwa kwa heshima katika jamaa hii ni mama huyu ambaye hatumjui jina.

Wana wa Helvia walikuwa watatu: Novatus, Seneca na Mela. Novatus ndiye Galio wetu. Rafiki wa baba yao, msemaji aitwaye Junius Gallio, alimfanya kuwa mwanawe kwa sheria, naye akachukua jina lake, ndipo Luka alipolipata hilo jina la Galio. Yeye na Seneca waliingia katika utumishi wa serikali, wakawa watu wa Baraza la Wazee. Mela hakutaka. Baba yake alimsifu kwamba ana akili kuliko ndugu zake, akamshauri akae katika daraja la baba yake. Kwa kuwa wana wawili wamekwisha tweka tanga, huyu wa tatu atamzuia bandarini. Tutaona kama ile bandari ilikuwa salama.

Seneca alipata sifa upesi. Siku za Kaisari Gayo, aliyeitwa Caligula, alisema barazani vizuri mno hata Kaisari akaona wivu, akataka auawe. Akaponywa na mwanamke mmoja aliyemwambia Kaisari ya kuwa mtu huyu ana kifua kikuu, atakufa mwenyewe karibuni. Katika mwaka wa 41 Klaudio alishika ufalme, na Seneca akashitakiwa uzinzi na dada yake Gayo, akahamishwa kisiwani Corsica, akakaa huko miaka minane. Siku zisizotimia 20 kabla ya hukumu hiyo mtoto wake mdogo alikuwa amefia mikononi mwa bibi yake, Helvia. Kutoka kisiwani Seneca alimwandikia mama yake waraka wa kumfariji, na humo ndimo tulimopata habari zote za Helvia na dada yake. Amwambia arudie vitabu vyake alivyozuiwa. Tena amtaja mjukuu Marcus, mtoto mcheshi ambaye hakuna huzuni isiyoyeyuka mbele yake. Wengi hudhani kwamba mtoto huyo ni Lucanus, mwana wa Mela, aliyezaliwa Corduba tarehe 3 Novemba mwaka wa 39.

Waraka huo ni mzuri. Lakini kutoka kisiwa kile kile Seneca aliandika waraka mwingine, kwa Polybius, mtumishi mkubwa wa Klaudio aliyekuwa amefiwa na ndugu. Na humo alimsifu Klaudio sifa za kupita kiasi, apate kuhurumiwa. Klaudio alipokufa mwaka wa 54, Seneca huyo huyo akaandika kitabu cha kumcheka, jinsi alivyobisha mlango wa mbinguni akafukuzwa. Galio naye alitoa mzaha wake. Watu walisema kwamba Klaudio aliuawa kwa uyoga wenye sumu, kisha Baraza likatangaza kwamba amekuwa mungu. Basi, maiti za wahalifu katika Rumi zilikokotwa kwa kulabu mpaka mtoni, na Galio akasema ya kwamba Klaudio amevutwa mbinguni kwa kulabu. Na Klaudio alikuwa ndiye aliyempa Galio cheo, tena akamwita rafiki yake.

Neno hilo la urafiki limeandikwa katika jiwe. Mjini Delphi, katika Uyunani, vilionekana vipande vya jiwe lililochorwa waraka wa Klaudio, vikatangazwa mwaka wa 1905. Humo Kaisari amtaja Junius Gallio, rafiki yake na liwali, aliyempelekea habari kwamba mji wa Delphi umepungukiwa na watu. Kwa hesabu ya miaka iliyomo katika waraka ule, wataalamu wametambua kwamba Galio alikuwa Akaya yapata mwaka wa 51 au 52. Vipande hivyo vina thamani kubwa kwetu, kwa maana kwa hivyo twajua ni wakati gani Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, na kutoka hapo twahesabu safari zake nyingine mbele na nyuma. Galio hakumsikiliza Paulo, lakini jina lake ndilo limekuwa msumari wa kutundikia tarehe zake.

Inawezekana kuona sasa ni mtu gani aliyeketi kitini siku ile. Ndugu yake alikuwa ameitwa kutoka kisiwani mwaka wa 49 na Agrippina, mke wa Klaudio, apate kumfundisha mwana wake Nero. Klaudio naye, kama Luka asemavyo katika mlango huo huo, alikuwa amewaamuru Wayahudi watoke Rumi, na kwa sababu hiyo Akila na Prisila walikuwa Korintho. Liwali ambaye jamaa yake imetoka juzi katika hasira ya Kaisari hatafuti neno jipya la kumpelekea Kaisari. Ndugu yake alimsifu sana: alisema kwamba hakuna mtu apendwaye na mmoja kama Galio apendwavyo na wote, akamwandikia vitabu, kimoja juu ya hasira. Twaamini alikuwa mpole. Lakini Sosthene alipigwa mbele ya upole huo. Wala Galio hakukaa sana katika nchi ile. Alishikwa na homa akapanda merikebu mara moja, akidai kwamba ugonjwa si wa mwili wake, ni wa mahali pale.

Nero alitawala mwaka wa 54, hajatimia miaka 17. Seneca mwalimu wake, pamoja na Burrus mkuu wa askari walinzi, ndio waliokuwa wakiongoza mambo, na miaka ya kwanza ilikwenda vizuri. Seneca alimwandikia mfalme kijana kitabu juu ya rehema. Ndipo nyumba ya Annaeus ilipofika kileleni: Seneca na Galio wote wawili walikuwa makonsuli, Mela alisimamia mali za Kaisari, na Lucanus kijana akaitwa katika marafiki za Nero. Mali zikamiminika. Mwaka wa 58 mshitaki mmoja aliuliza hadharani ni kwa hekima gani mwanafalsafa huyu amepata sesterti 300,000,000 katika miaka minne ya urafiki na mfalme. Msomaji akumbuke dinari waliyolipwa wale watenda kazi wa shamba la mizabibu kwa kazi ya siku moja. Dinari moja ilikuwa sesterti nne. Basi mwalimu wa hekima, aliyeandika kwamba maskini na tajiri ni sawa mbele ya mwenye busara, alihesabiwa kuwa na ujira wa siku 75,000,000.

Hatupendi kumnyima haki yake. Aliandika juu ya watumwa maneno ambayo wapagani wengi hawakuyathubutu, kwamba wao ni watu, wenzetu, na wakae mezani pamoja nasi. Tena alipenda kujua kazi za Mungu katika maumbile. Nero alipowatuma maakida kutafuta chemchemi za mto Nili, Seneca alizungumza na wawili wao waliporudi. Walimweleza ya kwamba, wakisaidiwa na mfalme wa Wahabeshi, walifika kusini sana kwenye mabwawa yasiyo na mwisho, majani na maji yamesukana, mtu hawezi kupita kwa miguu wala kwa chombo, ila kwa mtumbwi mdogo wa mtu mmoja. Wataalamu wengi huyaona hayo kuwa mabwawa ya Sudd, katika nchi iitwayo sasa Sudani Kusini. Hivyo habari za bara letu zilifika mezani pa ndugu yake Galio.

Lakini mwaka wa 55 Nero alimwua Britannicus, mwana wa Klaudio, kwa sumu. Na mwaka wa 59 alimwua mama yake mwenyewe. Kwanza alimpandisha chombo kilichotengenezwa kivunjike. Mama akaogelea akapona. Ndipo wakatumwa askari. Asubuhi yake ilihitajika barua ya kulieleza Baraza la Wazee kwamba mama huyo alistahili kufa. Aliyeiandika ni Seneca. Tacitus, mwandishi wa Kirumi aliyesimulia mambo haya, asema kwamba watu hawakumlaumu Nero tena, kwa maana ukatili wake umepita malalamiko yote. Walimlaumu Seneca, kwa sababu katika kupamba neno lile alikuwa ameliungama. Zile siku za chuoni, za kutetea upande wo wote uliowekwa, zilikuwa zimezaa matunda. Naye Galio katika siku zile alisimama mbele ya watu kama mnadi, akimtangaza Nero anapoingia kuimba katika michezo.

Burrus alikufa mwaka wa 62, na Seneca akaona kwamba nguvu zimemtoka. Akaomba kurudisha mali yote aende zake. Nero akambusu akakataa. Julai mwaka wa 64 Rumi iliteketea kwa moto, na Wakristo wakabebeshwa kosa hilo wakauawa kwa mateso. Katika vitabu vyote vya Seneca hakuna hata neno moja juu yao. Wakati ule alijifungia chumbani akijifanya mgonjwa, akala matunda ya mwituni na kunywa maji ya mto, kwa kuwa aliogopa sumu.

Mwanzo wa mwaka wa 65 watu wengi walifanya shauri la kumwua Nero, na Lucanus alikuwa mmoja wao. Kijana huyu alikuwa akitunga utenzi mrefu wa vita vya Kaisari na Pompey, na Nero, aliyejiona mtunzi, alimkataza kuusoma mbele ya watu. Shauri likafichuka. Hapa Tacitus aweka watu wawili kando kando. Mmoja ni Epicharis, mwanamke aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Walimpiga, wakamchoma, wakamvunja viungo siku nzima, hakutaja jina. Kesho yake, walipomchukua tena kitini kwa kuwa miguu haikuweza kusimama, alijinyonga njiani kwa kitambaa cha kifua chake. Wa pili ni Lucanus, mwungwana, mwana wa nyumba ya wasemaji, ambaye hakuguswa. Alikana siku nyingi. Kisha akaahidiwa kuachiliwa, akafungua kinywa, akamtaja mama yake mzazi, Acilia. Hakuachiliwa. Tarehe 30 Aprili alikatwa mishipa, akafa akiyasema mashairi yake mwenyewe ya askari afaye kwa kutokwa na damu. Alikuwa na miaka 25. Mama yake hawakumwadhibu wala hawakumsamehe. Walimpita tu, kana kwamba hawakusikia jina lake.

Seneca alikuwa amekwisha kutangulia siku chache kabla yake. Askari walikuja jioni katika shamba lake, maili nne kutoka mjini, yeye na mkewe Paulina na rafiki wawili wakiwa mezani. Aliomba aandike wasia, akakatazwa. Akawaambia rafiki zake kwamba, ikiwa hawezi kuwalipa kwa mali, awaachia mfano wa maisha yake. Paulina akataka kufa pamoja naye, wakakatwa mishipa wote wawili. Damu ya mzee ilitoka polepole. Akanywa sumu, isifanye kazi. Mwishowe akapelekwa katika mvuke wa maji ya moto akafa. Lakini hata katika maumivu yale aliwaita waandishi, akawapa maneno marefu wayaandike. Watu wengine wamemcheka kwa hayo. Sisi hatucheki; mtu hufa na kile alicho nacho. Paulina alifungwa vidonda kwa amri ya Nero, akaishi miaka michache, uso wake ukiwa mweupe kama wa maiti.

Galio alibaki. Katika Baraza la Wazee akaomba apewe uhai wake. Mmoja wa wazee, Salienus Clemens, akasimama akamwita adui wa taifa, ila wenzake wakamnyamazisha wasiongeze damu. Mtu aliyekataa kusikiliza maneno ya Paulo aliponea siku ile kwa sababu wengine walikataa kusikiliza maneno ya mshitaki wake. Haikuwa kwa muda mrefu. Waandishi wa kale wasema kwamba ndugu wa Seneca nao waliangamia baada yake.

Habari za Mela ndizo zilizoandikwa wazi. Lucanus alipokufa, baba yake alikusanya kwa bidii madeni yote waliyowiwa na marehemu. Mmoja wa wadeni, Fabius Romanus, aliyekuwa rafiki mkubwa wa Lucanus, akamshitaki, na barua ya uongo ikaonyeshwa kana kwamba mkono wa Lucanus ndio ulioiandika. Nero alitamani mali ile. Mwaka wa 66 Mela akakata mishipa yake, akiisha kuandika wasia wa kumwachia Tigellinus, kipenzi cha Kaisari, na mkwewe fungu kubwa, ili mengine yapate kubaki. Hivyo ndivyo alivyokufa yule aliyezuiwa bandarini. Nero mwenyewe alikufa Juni mwaka wa 68. Kama wangaliachwa miaka michache tu, ndugu hao wangaliuona mwisho wake.

Wanawake walibaki. Polla Argentaria, mjane wa Lucanus, aliishi miaka mingi, akaishika siku ya kuzaliwa ya mumewe, naye mshairi Statius alitunga shairi kwa ajili ya siku hiyo. Jina la ukoo nalo halikufa, maana, kama tulivyosema, walilichukua hata walioachwa huru. Annaeus Cornutus, mwalimu aliyemfundisha Lucanus, alikuwa Mwafrika wa mji wa Leptis, katika nchi ya Libya. Yaelekea alipata jina lake kwa njia hiyo. Huyu naye alipelekwa uhamishoni na Nero. Watu waliulizana kama mfalme atunge vitabu 400 vya historia ya Rumi, na Cornutus akasema hakuna atakayevisoma.

Wakristo wa baadaye walimpenda Seneca. Tertullian wa Carthage, Mwafrika mwingine, alimhesabu kuwa karibu nasi. Na katika karne ya nne mtu alitunga nyaraka 14 za uongo, ati ni za Seneca na Paulo wakiandikiana, na wengi wakaziamini kwa muda mrefu. Hazina thamani. Lakini mjini Ostia, bandari ya Rumi, katika karne ya 19 lilichimbuliwa jiwe la kaburi. Limechorwa na baba kwa ajili ya mwanawe mpenzi. Baba aitwa Marcus Anneus Paulus, na mwana aitwa Marcus Anneus Paulus Petrus: jina la ukoo wa Galio, kisha Paulo, kisha Petro.